Virusi havionekani, lakini kiuno kimenishinda. Nishaurini

FundiUpepo

Kamwene wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, miaka 47. Dawa za VVU nilianza 2009 nikiwa na kilo 43 na CD4, yaani askari wa kinga mwilini, 96 tu. Mliokuwepo enzi zile mnajua namba hizo zinasema nini. Sasa niko kwenye TLD, kidonge kimoja usiku chenye dawa tatu ndani (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), na virusi havionekani kwenye kipimo mwaka wa ngapi sijui. Upande huo sina neno.

Neno liko huku. Kazi yangu ni kuwapima watu viuno, tepu inakaa shingoni kuanzia saa mbili asubuhi, ila mwenyewe sijipimi. Mwezi wa tano nikataka kujishonea gauni la kicheni pati ya binti wa dada yangu. Nikafungua daftari la 2019, vipimo vyangu nikavikuta: kiuno inchi 31. Nikakata kitambaa kwa kujiamini kabisa. Zipu ikagoma katikati ya mgongo. Nikajizungushia tepu, 37 na nusu. Na tepu yenyewe ni ya zamani, na tepu ikizeeka hurefuka, kwa hiyo hata hiyo 37 na nusu nimependelewa.

Nilipokwenda CTC, kliniki yetu ya VVU, nikawaambia wanipime kila kitu. Kilo 79, wakati 2019 nilikuwa 63. Presha 148/94. Sukari, sijala tangu usiku, 7.9. Wakaniambia nirudi wiki inayofuata, ikasoma 7.4. Wamesema ni kisukari, wameniandikia metfomini, dawa ya kushusha sukari, na kunielekeza kliniki ya sukari na presha, ambayo iko siku ya Jumanne. CTC yangu ni Alhamisi. Na mimi siendi CTC ya hapa nyumbani, napanda basi kwenda wilaya nyingine, sababu mnazijua. Nauli mara mbili, duka limefungwa mara mbili.

Sasa maswali. Nilihamishiwa TLD 2020, na ukiangalia tarehe, unene nao umeanzia hapo hapo. Je, ni hiki kidonge? Mwenzangu mmoja wa kikundi anasema yeye hukiruka siku mbili tatu kwa mwezi ili mwili upumzike, na amepungua kweli. Nyingine, je, metfomini na TLD havigombani?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wote wananiambia nipungue. Mimi kupungua NAOGOPA. Mwaka 2008 nilipokonda, kuna mteja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho sijakigusa hata mkasi, akasema amebadilisha mawazo. Wakafuata wengine. Halafu nikaanza zile dawa za mwanzo zenye stavudini, zikanirudishia uhai lakini zikaninyonya mashavu na miguu, mishipa ikatokeza kama kamba, na mashavu hayajawahi kurudi sawasawa hadi leo. Mwili huu ndio ulionirudishia wateja. Mtu akipita dukani anasema "fundi, umenawiri!" na mimi najua maana yake: hawajui. Nikianza kupungua tena, habari itafika sokoni kabla yangu.

DerevaTunduma

Dada Fundi, pole. La kidonge nalijibu mimi kwa sababu nimelipia. USIRUKE. Mimi nimeanza dawa 2007, nikawa napeleka mzigo Lubumbashi. Foleni ya mpakani Kasumbalesa unajua ilivyo, unaweza kulala siku nne, tano. Nilibeba vidonge vya siku kumi, safari ikawa ya siku ishirini na kitu. Si mara moja. Mwili "ulipumzika" vizuri tu, virusi ndio havikupumzika. 2016 dawa za kwanza zikawa haziwawezi tena, nikahamishiwa za mstari wa pili, atazanaviri na ritonaviri. Huyo mwenzako wa kikundi mwambie aongee na mimi.

La pili. Mwaka juzi nilipima mafuta kwenye damu maabara moja binafsi, yakawa juu. Nikaingia duka la dawa, nikaomba dawa ya kushusha mafuta, sikusema natumia nini kingine. Unasemaje mbele ya watu sita waliopanga foleni? Nikapewa simvastatini. Wiki ya pili mapaja yanauma kama nimebeba saruji, kupanda kwenye kichwa cha gari najivuta kwa mikono. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Nikakimbilia CTC, yule daktari alipoona kile kikaratasi akakaa chini. Kumbe simvastatini na ritonaviri HAVIKAI chumba kimoja, ritonaviri inaizuia isitoke mwilini, inajaa, inakula misuli. Nililazwa siku tano wakiangalia figo.

Wewe huna ritonaviri, lakini ninachosema ni hiki: kule kliniki ya Jumanne usiende ukaficha Alhamisi.

TibaAsiliOriginal

Dada yangu njoo private, kuna unga wa mizizi unayeyusha kitambi siku 21 na unasafisha damu, wengi wameacha hata hizo ARV

DerevaTunduma

Wewe Tiba tumekuambia mara ngapi?

Tabibu_CTC

Fundi, mimi ni afisa tabibu, niko CTC mwaka wa 11. Sikujui na faili lako sijaliona, kwa hiyo chukua haya kama maongezi, kisha kamuulize anayekutibu.

Kama kidonge kinahusika? Kiasi. Kuna utafiti wa Johannesburg unaoitwa ADVANCE, watu zaidi ya 1,000 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza dawa. Baada ya wiki 96, waliopewa dawa za mfano wa TLD yako waliongezeka kwa wastani kilo 4.3, na waliopewa za mfano wa ile ya zamani yenye efavirenzi waliongezeka kilo 2.3. Wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Sasa angalia hiyo tofauti: kilo mbili. Na sehemu ya tofauti si kwamba dolutegraviri inanenepesha, ila efavirenzi ilikuwa inawabana uzito baadhi ya watu, hasa wale ambao miili yao huitoa taratibu. Ukiondoa jiwe juu ya kifuniko, kifuniko kinapanda. Wewe umeongezeka kilo 16. Kidonge kibebe lawama yake, lakini hazimalizi kilo 16.

Kuhusu sukari, ni kweli Kampala waliandika mwaka 2020 juu ya wagonjwa wachache ambao sukari iliwapanda kwa kasi miezi michache tu baada ya kuhamishiwa dolutegraviri. Wewe umekaa nayo miaka. Haifanani na ile. Yako inafanana na ya jirani yako asiye na VVU mwenye kiuno cha 37 na nusu.

Kurudi efavirenzi sikushauri. Utarudi kwenye ndoto za ajabu na kizunguzungu, mafuta yatapanda, na kinga dhidi ya usugu ni dhaifu kuliko ya TLD.

Metfomini: inatumika na TLD, ila kuna mpaka. Dolutegraviri inaizuia metfomini isitoke haraka kupitia figo, kwa hiyo inabaki nyingi kwenye damu. Mgonjwa mwingine wa kisukari anaweza kufikishwa miligramu 2,000 kwa siku. Wewe mwisho wako ni 1,000. Hapo ndipo Dereva amesema jambo kubwa kuliko alivyodhani. Ukienda Jumanne na daftari jipya, hujasema uko TLD, siku sukari isiposhuka watakuongezea kama wanavyomwongezea mtu yeyote, na hawatakuwa na kosa. Kama mdomo mzito, mwandikie daktari kwenye karatasi "natumia dolutegraviri", mpe akisoma arudishe. Nimeona wanaofanya hivyo.

Kabla hujaimeza metfomini pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Tenofoviri iliyomo kwenye TLD, sukari na presha, vyote vitatu vinagonga mlango wa figo hizo hizo. Dolutegraviri yenyewe hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, kwa hiyo ikipanda kidogo usikimbie, wanaokutibu watajua. Na wakitaka kutumia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwetu sisi wa VVU (nasema sisi, ndiyo) wakati mwingine kinasoma chini kuliko hali halisi. Sukari ya asubuhi bila kula ndiyo shahidi mzuri, na 7.0 kwenda juu mara mbili ndiyo mstari. Umeuvuka.

Kingine, ukiwa unatumia dawa za kiungulia zile za maji meupe au za kutafuna, TLD iwe saa mbili kabla yake au saa sita baada. Zinakamata dolutegraviri tumboni isiingie.

NesiMstaafu

Mwanangu Fundi, nimekusoma mara mbili. Nina maswali mawili. Cherehani unaendesha kwa mguu au umefunga mota? Na hicho kidonge cha usiku unakimeza na nini?

FundiUpepo

Shikamoo mama. Asanteni wote. Dereva, pole sana kaka, hiyo ya mkojo nimeisoma mara tatu.

Mama, mbona kama unaniona? Mota nilifunga 2020. Nilishona kwa mguu miaka 18, magoti yakalalamika, umeme nao ukatulia, nikasema nijionee huruma. Sikuwahi kuweka hayo mawili pamoja. Mwaka uleule.

Kidonge nameza na uji. Saa tatu usiku, kikombe kile kikubwa cha bati, uji wa lishe, vijiko vinne vya sukari. Tangu 2009. Nilipoanza waliniambia dawa hizi kali, usimeze na tumbo tupu, kula sana mama. Nikawa nakula ugali saa moja, halafu saa tatu uji juu yake, maana naogopa dawa isikute tumbo tupu. Sijawahi kuacha hata siku moja.

NesiMstaafu

Marahaba. Huyo aliyekuambia inawezekana ni mimi. Hatujuani, lakini mwaka 2009 nilikuwa nawaambia watu hivyo kila asubuhi, kwenye benchi lililojaa watu wa kilo 40. Wengine tuliwapa na unga wa kwenda nao. Mtu akirudi ameongezeka kilo tano tunapiga makofi, kweli kabisa, tulikuwa tunapiga makofi pale mizanini. Hatukuwahi kuwaita tena kuwaambia basi, sasa inatosha.

TLD haihitaji uji, mwanangu. Unaweza kuimeza na chakula au bila chakula. Meza na maji baada ya ugali wako, ukalale. Vijiko vinne kila usiku kwa miaka 16! Na bado hatujahesabu chai ya dukani.

FundiUpepo

Chai ya dukani ni ya maziwa, vikombe vinne, vitatu vya sukari kila kimoja. Wateja wakija wananikuta nayo. Chapati mbili saa nne. Na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mama, sisemi uongo, kopo mbili jioni. Ulanzi mtamu, ule wa asubuhi.

Parachichi je? Huku kwetu Njombe yamejaa, na nimesikia ni mafuta matupu.

Tabibu_CTC

Parachichi liache lilivyo. Mafuta yake si adui, wala halipandishi sukari kama chapati. Nusu moja na mboga za majani, kiazi kimoja badala ya vitano, umeshakula. Usile tu parachichi JUU ya vyote ulivyokuwa unakula. Ulanzi mtamu ni sukari unayoinywa, na ukichacha ni pombe. Chagua mwenyewe utauagaje.

NyarKisumu

Habari dada, mimi nasoma kutoka Kisumu. Kwetu kliniki inaitwa CCC lakini mambo ni yale yale. Niko na sukari mwaka wa nne, dawa za virusi mwaka wa kumi na mbili.

Nataka kukujibu hiyo ya kuogopa kukonda kwa sababu naona madaktari wameipita. Mimi pia niliogopa. Huku ukikonda, kabla hujafika Kondele mtu ameshakuzika. Nikawa namwambia daktari ndiyo, ndiyo, halafu nikifika nyumbani nakula ugali ya watu wawili ndio nisipoteze mashavu.

Kilichonisaidia ni kisukari chenyewe. Siku moja kwenye chama, wenzangu wananikaribisha soda, nikasema "hapana, niko na sukari, daktari amenikataza." Unajua walifanya nini? Walinihurumia! Mmoja akasema mamake pia anayo, mwingine akaniambia ninunue unga ya mahindi ambayo haijakobolewa. Hakuna aliyeinama kumnong'onezea mwenzake. Sukari haina aibu, dada. Hata padri anayo. Tangu siku hiyo nikipungua kilo, watu wanasema "ni ile sukari". Nikienda kliniki, ni ile sukari. Nikimeza dawa kwa harusi, ni ile sukari. Nimepata koti la kuvaa juu ya lile lingine.

Natembea kila asubuhi nikienda Kibuye kuuza omena, zamani nilikuwa nachukua boda. Nilitoka kilo 84 hadi 73 kwa mwaka na nusu. Pole pole, hakuna mtu alishtuka.

Tabibu_CTC

Nimekubali kwamba niliipita, Nyar. Ahsante. Naongeza moja tu kwenye hilo koti: lisitufiche na sisi. Kupungua kwa kutaka ni kilo moja, mbili kwa mwezi, nguo inalegea taratibu. Ukipungua haraka na hujabadilisha kitu, au ukawa na kikohozi, homa, jasho la usiku, usiseme "ni ile sukari". Njoo upimwe TB. Mwenye VVU yuko karibu nayo, na mwenye kisukari pia yuko karibu nayo, na wewe sasa una vyote. Sukari iliyopanda sana nayo hukondesha, ukinywa maji na kukojoa usiku kucha. Hiyo si kupungua kwa sifa.

NesiMstaafu

Na hili la Jumanne na Alhamisi. Kuna utafiti ulifanyika Tanzania na Uganda, vituo 32, unaitwa INTE-AFRICA, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2023. Waliweka wa VVU, wa sukari na wa presha kliniki moja, benchi moja, foleni moja. Watu waliogopa kwamba upande wa virusi utaharibika. Haukuharibika, karibu 97 kati ya 100 walibaki wamefubaza virusi, sawa na wale wa kliniki za peke yake. Na unapokaa benchi hilo, anayekuona hajui umekuja kwa lipi. Uliza hapo kwako kama wana utaratibu wa namna hiyo. Kama hawana, waombe angalau dawa za sukari na presha utoe Alhamisi hiyo hiyo. Ukiomba wewe mmoja watakataa. Nendeni kikundi.

FundiUpepo

Wapendwa, narudi baada ya wiki tisa, maana huwa nachukia mtu anayeuliza halafu anapotea.

Uji nimeacha. Siku tatu za kwanza nilikaa kitandani nasikiliza tumbo, nasubiri dawa inichome. Haikunichoma. Kikombe cha bati sasa kina vifungo na sindano za mkono.

Chai ni moja asubuhi, bila sukari, mbaya kama ilivyo. Mota sijaifungua, Nesi unisamehe, kazi za sare za shule zilikuwa nyingi. Lakini kwenda sokoni kununua uzi na zipu naenda mwenyewe kwa miguu, zamani nilikuwa namtuma kijana. Upepo wa huku mnaujua, kwenda unakusukuma, kurudi unalipa.

Jumanne nilikwenda. Nilimpa daktari kile kikaratasi. Alisoma, akakikunja, akanirudishia, akaandika metfomini 500 mara moja kwa siku baada ya chakula cha jioni. Kreatinini iko sawa. Presha ilirudiwa mara mbili, bado 146, nimeanzishwa amlodipini ya kuishusha. Tumbo liliendesha wiki ya kwanza, wakasema ni metfomini, litazoea, na limezoea. Za miezi mitatu ijayo wamekubali nichukue Alhamisi. Tulikwenda wanne.

Sukari ya juzi asubuhi 6.3. Kilo 76. Kiuno 36, na nimenunua tepu mpya ili nisijidanganye.

Jana amekuja mteja wangu wa miaka mingi, mama mmoja wa nafaka. Amenitazama kutoka juu mpaka chini, nikajua imefika. Akasema, "Fundi, mbona unapungua?" Tepu ilikuwa mkononi, sijui kama aliiona inatetemeka. Nikasema, "Sukari, mama." Akakaa kwenye kiti. "Pole. Na mimi ninayo, mwaka wa tatu huu, sijamwambia mtu." Tukaongea nusu saa mambo ya metfomini na kuharisha. Alipoondoka akasema gauni lake nimwachie inchi mbili za ziada pembeni, kama zilivyokuwa.

Swali dogo limebaki. Hivi vidonge vya metfomini ni vikubwa, vinanikwama. Naruhusiwa kukata katikati?

Tabibu_CTC

Kama ni vya kawaida, kata. Kama kwenye boksi kuna herufi XR au SR, hivyo vimetengenezwa vitoke taratibu, usikate wala kutafuna. Soma boksi uniambie.

FundiUpepo

Ngoja nivae miwani.